Ijumaa ya Bwana Sare

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Kama umeme upo kwenu, sogezeni viti karibu na redio. Kama umekatika, basi betri mlizonunua zina kazi leo. Mimi ni Rukhshanda Bukhari, na hapa ni Multan.

Jumanne alfajiri ametutoka Tasadduq Husain, muuza halua wa soko la Husain Agahi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Najua kuna wanaojiuliza, Tasadduq yupi? Nikisema Bwana Sare, hamjiulizi tena. Ndiye huyo huyo. Bwana Sare, aliyekaa kwenye kiti cha mkono wangu wa kulia hapa studioni kila Ijumaa, miaka nenda miaka rudi, akibishana na dunia nzima juu ya pointi za kriketi ya Testi, ile ya siku tano. Bwana Sare, aliyeinyima Multan fainali. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao bado hawajamsamehe. Nyinyi hasa msizime redio.

Tuanze na jina.

Ujanani Tasadduq alikuwa mpigaji wa timu ya Multan. Mwaka mmoja ikaja timu kutoka Lahore, imejaa wachezaji wa taifa, wamevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kufikia siku ya mwisho Multan ilikuwa haiwezi tena kushinda. Kilichobaki ni kutotolewa wote kabla ya jioni, ili mechi iishe sare. Tasadduq akasimama na kibao chake cha kupigia asubuhi. Akasimama baada ya chakula. Akasimama baada ya chai. Siku nzima alipata mikimbio kumi na moja. Watu walilala majukwaani, wakaamka, wakamkuta bado anazuia mipira. Bibi mmoja akamrushia ganda la chungwa na kumpigia kelele, "Wewe! Piga mpira tukapike!"

Hakupiga. Mechi ikaisha sare, Lahore wakaondoka wamenuna, na Multan ikapata pointi ambazo hakuna aliyezitegemea. Kuanzia siku hiyo wakamwita Bwana Sare. Lilikuwa jina la kejeli. Yeye akaenda kwa mchoraji, akaliandikisha kwenye ubao wa duka la baba yake: Halua ya Bwana Sare. Ubao huo upo mpaka leo.

Mkewe, Kishwar Bibi, nilimkuta juzi amezungukwa na majirani, macho mekundu lakini ulimi wake uko pale pale. Akaniambia, "Posa yake ilipokuja, baba yangu akauliza, huyu si yule aliyesimama siku nzima bila kufanya lolote? Mama yangu akasema, mwanaume anayetupiwa maganda siku nzima na hakasiriki, mchukue haraka." Akacheka, kisha akalia, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo walivyo watu wa nyumba hiyo.

Sasa sikilizeni. Dunia ilipoanzisha ubingwa wa kriketi ya Testi, hapa mjini hakuna aliyefurahi kumshinda Tasadduq. Aligawa halua bure dukani. Wiki ya pili akazisoma kanuni za ubingwa wenyewe. Wiki ya tatu alikuwa mlangoni kwangu, jasho linamtoka, kilemba kimemkaa upande.

"Dada Rukhshanda, nipe nusu saa hewani."

"Ya nini, Haji?"

"Watu wanautazama msimamo bila kujua wanatazama nini."

Nusu saa hiyo ndiyo iliyozaa kipindi chetu cha Ijumaa. Mliokuwepo mnakumbuka siku alipopiga simu kijana mmoja wa Vehari, amewaka. "Mzee, mbona timu yenye pointi nyingi imewekwa chini ya timu yenye pointi chache? Huo si wizi?"

Bwana Sare akamuuliza, "Umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo amepika sinia mbili za halua, zote zikanunuliwa. Shemeji yako amepika sinia tano, zikanunuliwa tatu. Nani fundi?"

"Mke wangu."

"Umejibu hivyo kwa sababu yuko hapo anakusikiliza. Ila umejibu sawa. Ndiyo asilimia hiyo. Hawahesabu ulichonacho, wanahesabu ulichopata katika kile ulichoweza kupata."

Kijana akashukuru, akataka kukata simu. "Subiri, sijamaliza," mzee akamwambia. "Mkeo ana jiko la sinia mbili tu. Sinia moja ikinyeshewa mvua, amebaki na nini? Nusu. Shemeji yako moja ikinyeshewa, hata hajui kama mvua imenyesha. Wale wakubwa wa dunia wanachezeana mechi tano tano. Sisi na akina sisi tunaalikwa mechi mbili na kikombe cha chai. Asilimia ni haki, mwanangu. Lakini anayegawa majiko ni nani?"

Simu ziliwaka jioni nzima. Siku nyingine alizungumzia ile miaka ambayo timu yetu ya taifa ilikuwa inacheza mechi zake za nyumbani kwenye jangwa la watu wengine, viti vitupu, upepo unapiga vumbi. Kwenye msimamo zilihesabiwa kuwa mechi za nyumbani. Bwana Sare akasema, "Nyumbani ni mahali ambapo mama yako anaweza kuja kukuona ukitolewa kwa sifuri, akakuletea roti jioni. Hizo zingine ni safari." Nilipewa onyo na mkuu wangu kwa kulia hewani siku hiyo. Sikujali.

Ila kanuni iliyomkera kuliko zote ni ile ya kupokwa pointi kwa kuchelewesha ova. Nieleze taratibu kwa wasioujua mchezo. Ova moja ni marusho sita. Timu inatakiwa irushe ova kumi na tano kwa saa. Ukipungukiwa, kila ova moja unapokwa pointi moja. Pointi hizo hazipotei uwanjani. Zinafutwa baadaye, mezani, na watu wenye kalamu.

"Mezani!" alikuwa akinguruma. "Watu wamechubuka magoti siku tano, halafu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi anawafuta! Mimi nasema pointi ipatikane uwanjani na ipotelee uwanjani."

Mtu mwenye maneno kama hayo mnategemea angeanzisha mashindano yasiyo na kanuni hiyo. Bwana Sare alifanya kinyume. Alipoanzisha Kombe la Chenab, timu tano za huku kwetu, mechi za siku tatu tatu, alichukua kanuni za ubingwa wa dunia akazinakili neno kwa neno. Kushinda, pointi kumi na mbili. Sare, pointi nne. Msimamo kwa asilimia. Fainali moja, kwenye uwanja wa watu baki. Na kupokwa pointi kwa kuchelewesha ova, nayo akaiweka. Wakili Nazar Langah, katibu wa kamati yake, akamuuliza, "Haji, kanuni unaitukana kila Ijumaa redioni, leo unatuletea nyumbani?"

Akamjibu, "Nataka ituume wenyewe, tujue inauma wapi."

Ikauma. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitawasimulia ilivyokuwa na si mnavyoisikia kwenye vibaraza vya chai.

Nahodha wa Multan alikuwa Mubashir, mtoto wake wa pekee. Mubashir alikuwa amecheza kriketi tangu utotoni na hajawahi kufika fainali hata moja. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Daktari alishamwambia msimu huo ndio wa mwisho, ukipita huo akauze halua. Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Fainali ile ingekuwa ya kwanza kwake, na ya mwisho.

Bahawalpur walikuwa wameshajihakikishia nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili ilikuwa kati ya Multan na Khanewal. Multan walikuwa wamemaliza mechi zao. Raundi ya mwisho ilikuwa zamu yao ya kupumzika. Walikaa kusubiri Khanewal wacheze na Dera Ghazi Khan. Khanewal wakishinda au wakitoka sare, wanaingia fainali. Wakifungwa, Multan wanaingia.

Khanewal wakatoka sare. Nahodha wao, Irshad Daha, alizuia mipira mpaka vidole vikavimba. Huku Multan watu wakakunja mabango yao wakaenda kulala. Kesho yake mwamuzi mkuu akatoa hesabu ya ova. Khanewal wamepungukiwa na ova tano. Wanapokwa pointi tano. Asilimia yao ikaporomoka chini ya ile ya Multan. Multan wako fainali!

Mji ulikuwa haulaliki. Ngoma, pikipiki, vijana juu ya mapaa. Mubashir alibebwa kutoka uwanja wa mazoezi mpaka Husain Agahi, goti bovu na yote. Bwana Sare alisimama mlangoni pa duka anagawa halua kwa mikono miwili, na mtu mmoja akamchokoza, "Haji, si ulisema pointi za mezani ni dhambi?" Akasema, "Ni dhambi. Kula halua." Lakini nilimwona. Alikuwa na furaha ya mzazi, na furaha ya mzazi haiulizi maswali mengi.

Ijumaa iliyofuata akaja studioni kama kawaida, na sinia chini ya kwapa. Nikafungua kipindi. Nikasema maneno ninayoyasema kila Ijumaa, maneno ambayo hata mkiniamsha usingizini nitayasema: "Karibuni wasikilizaji wapendwa. Leo ni Ijumaa, kipindi chetu ni kifupi."

Alikuwa na kipande cha halua mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Umesema nini?"

"Nimesema karibuni."

"Baada ya hapo."

"Leo ni Ijumaa, kipindi chetu ni kifupi."

"Kwa nini ni kifupi?"

Nikacheka. "Haji, umeamkaje leo? Si kwa sababu ya sala."

Akanyamaza. Redio haipendi kimya, wasikilizaji. Fundi mitambo ananipungia mikono nyuma ya kioo, mimi naongea peke yangu kuhusu hali ya hewa. Kisha mzee akasema polepole, kama anajisomea, "Khanewal walianza mechi Ijumaa."

Nikaweka matangazo ya biashara. Nikavua vifaa vya masikioni. "Haji, kuna nini?"

Akanieleza. Mechi za kombe lake siku zote zilianza Jumamosi. Raundi hiyo ya mwisho tu, kwa vile ukungu wa baridi ulikuwa umevuruga ratiba, ilisogezwa ikaanza Ijumaa. Na sisi Ijumaa, hata mtoto anajua, mapumziko ya chakula ni marefu. Watu wanakwenda msikitini, wanasali, wanarudi, wanakula. Saa nzima. Waamuzi wa uwanjani waliwapa saa nzima bila hata kuulizana. Lakini kanuni aliyoinakili, ile ya dunia, ilisema mapumziko ya chakula ni dakika arobaini. Na mwamuzi mkuu alipopiga hesabu ya ova, alipiga kwa kanuni iliyoandikwa. Zile dakika ishirini za msikitini zikahesabiwa kuwa Khanewal wanachelewesha mchezo.

Dakika ishirini. Ova kumi na tano kwa saa. Gawanyeni wenyewe. Ni ova tano kamili.

Hakuna aliyeliona hilo. Mwamuzi hakuliona. Kamati haikuliona. Khanewal wenyewe hawakuliona! Irshad Daha aliniambia baadaye, "Dada, sisi tulikuwa tumegombana wiki nzima. Nilimtukana mrushaji wangu wa kasi kwamba anatembea kama bibi harusi. Kumbe hizo ova tulizipoteza tuko kwenye rakaa." Hata Bahawalpur, waliocheza Ijumaa ile ile, hawakushtuka, kwa sababu warushaji wao ni wa spina, mipira ya kuzungusha isiyohitaji mbio ndefu, wanamaliza ova kabla hujapiga chafya. Ijumaa kwetu ni kitu cha kawaida mno. Mtu haihesabu, kama asivyohesabu pumzi zake.

Basi matangazo yanaendelea, sabuni na mbolea, na simu ya studio inalia. Wakili Langah. Alikuwa anasikiliza, na wakili ni wakili, alishaelewa. "Mpe Haji simu," akasema. Nikaweka sauti wazi.

"Haji, nyamaza. Nakuomba kama ndugu yako. Muda wa rufaa umepita. Kikanuni tuko salama."

"Kikanuni," mzee akasema.

"Khanewal hawajalalamika!"

"Hawajalalamika kwa sababu hawajui, Nazar."

"Na huyo mtoto wako? Umemfikiria Mubashir?"

Mzee akaiweka simu chini taratibu, kana kwamba imelala. Nami nikamwambia, maana nilimpenda kama baba, "Haji, mpigie Mubashir kwanza. Sema naye. Kipindi kitasubiri." Akatikisa kichwa. Akaniashiria nifungue kipaza sauti.

Nina kanda ya siku hiyo, lakini familia imeniomba nisiipige leo, kwa hiyo nitayasema mimi. Alisema hivi: "Ndugu zangu wa Khanewal, hapa ni Tasadduq. Nimewapokonya pointi tano mkiwa msikitini. Mlikuwa mmesujudu, mimi nikawahesabia mnachelewa. Kosa si la mwamuzi. Kanuni niliinakili mimi, kwa mkono wangu, na sikukumbuka kwamba tunaishi Multan. Pointi zenu ni zenu. Fainali ni yenu."

Kisha akasema, "Mubashir, mwanangu, samahani." Akasukuma kipaza sauti pembeni. Muda wetu nao ulikuwa umekwisha, maana ilikuwa Ijumaa.

Wasikilizaji wapendwa, nimeishi Multan maisha yangu yote na sijawahi kuuona mji huu umekasirika vile. Simu za matusi zilitujaa mpaka fundi akachomoa waya. Mlango wa chuma wa duka uliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HALUA YA KHANEWAL. Ulikuwa msimu wa harusi, na watu wakaenda kununua halua kwingine. Kishwar Bibi anasema, "Sinia zilirudi zimejaa. Tukala halua asubuhi, tukala halua mchana, tukala halua jioni. Mimi nikapata sukari, yeye akapata marafiki wa Khanewal." Na ni kweli, kwa sababu watu wa Khanewal walianza kuja kwa mabasi. Wanashuka, wanauliza, "Duka la Halua ya Khanewal liko wapi?" Bwana Sare akakataa kuifuta ile rangi.

Lakini nyumbani hali haikuwa ya kucheka. Mubashir alikuja jioni hiyo hiyo. Hakukaa. Alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa baba yake, akasema, "Baba, ungenipigia kwanza. Hilo tu. Ungenipigia kwanza."

Mzee akamjibu, "Ningekupigia, ningeisikia sauti yako. Na sauti yako mimi siiwezi."

Mubashir akaondoka. Hawakusemeshana tena wiki hiyo yote. Kamati ilikaa, ikabishana, ikarekebisha msimamo. Khanewal wakaingia fainali kucheza na Bahawalpur, kwenye uwanja wa Sahiwal.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya fainali, Bwana Sare alikuwa amekaa uani na redio yake, amevaa nguo safi, hana pa kwenda. Honi ikalia nje. Ikalia tena. Kishwar Bibi akachungulia. "Baba Mubashir, toka. Mwanao huyo, na amekunja uso hivyo hivyo." Mzee akaingia kwenye gari. Hakuna salamu. Wakaishika barabara ya Khanewal, ndiyo ya kwenda Sahiwal, baba anatazama mashamba ya pamba upande wake, mtoto anatazama malori upande wake.

Walipofika Khanewal, Mubashir akasimamisha gari kwa muuza chai wa barabarani. Yule muuza chai akamwona mzee, akaacha birika. "Bwana Sare! Wallahi ni yeye!" Akaleta chai mbili nzito na biskuti ambazo hawakuagiza, akafuta meza kwa kitambaa cha begani mwake, akaapa kwamba hapokei malipo yao hata wamnyonge. Mubashir akakitazama kikombe. Akamtazama baba yake. Maneno yake ya kwanza baada ya wiki nzima yakawa haya: "Ndiyo hii? Umeuza fainali yangu kwa chai?"

Mzee akaonja. "Hata sukari haitoshi," akasema.

Mubashir ndiye aliyenisimulia haya, na anasema walicheka mpaka yule muuza chai akadhani wanamcheka yeye, akaongeza sukari. Wakacheka, kisha wakalia kidogo, wanaume wawili wazima barabarani, malori yanapita.

Fainali yenyewe mnaijua ilivyokwisha. Irshad Daha akasimama na kibao chake siku nzima. Bahawalpur wakarusha kila walichonacho. Jioni ikaingia, wiketi mbili za Khanewal zimebaki, yaani bado wawili wa kutolewa. Sare. Na kanuni ya dunia inasema fainali ikiisha sare, ubingwa unagawanywa. Kombe likakaa nusu mwaka Bahawalpur na nusu mwaka Khanewal. Uwanja mzima wa Sahiwal ukageuka kumtazama mzee mmoja jukwaani, na mtu akapaza sauti, "Bwana Sare, umepata fainali yako!"

Baada ya hapo akabadilika kidogo. Kidogo tu, msinielewe vibaya, ulimi ulibaki ule ule. Kanuni za Kombe la Chenab ziliongezwa mstari mmoja, ameuandika mwenyewe: Siku ya Ijumaa, saa isimame. Na juu ya ubingwa wa dunia hakusema tena neno wezi. Aliendelea kupigania nchi ndogo zipewe mechi za kutosha. Aliendelea kuuliza kwa nini ubingwa wa miaka miwili uamuliwe kwa mechi moja. Lakini alisema hivi, na nimeyashika: "Zamani nilidhani wale wa mezani ni watu wabaya. Sasa najua wana Ijumaa yao waliyoisahau, kama mimi. Kila kanuni ina Ijumaa yake. Kazi yetu ni kuwapigia kelele mpaka waikumbuke." Mimi nasema alikuwa sahihi, na nitasema hivyo mbele ya kamati yoyote, ya hapa au ya dunia.

Juzi Jumatano tulimzika. Jua lilikuwa kali, vumbi la Multan kama mnavyolijua. Jeneza lilibebwa na watu wengi, na mbele kabisa walikuwa watatu, Mubashir, nahodha wa Bahawalpur na Irshad Daha wa Khanewal. Nilimwona pia Wakili Langah, analia kama mtoto. Niliwaona vijana niliowatambua kwa sauti zao, wale wale waliotutukana kwenye simu.

Baada ya maziko, Irshad na wenzake wakaja nyumbani. Zamu ya kombe ilikuwa yao. Walikuwa wamelileta, limefungwa kwenye shuka jeupe. Irshad akaliweka mbele ya Mubashir. "Kaka," akasema, "tumekubaliana wote, wa Khanewal na wa Bahawalpur. Hili lilikuwa lenu. Likae hapa, kwa ajili ya Haji."

Mubashir aliligusa. Tuseme ukweli, aliligusa kwa muda mrefu, mtu ambaye hajawahi kushika kombe maishani. Kisha akalifunika tena na shuka lake.

"Rudini nalo," akasema. "Halikuwa letu. Baba yangu alisema ni lenu, kwenye redio, mbele yangu na mbele ya watu wote. Mnataka leo ndiyo nimfanye mwongo?"

Irshad akalibeba tena. Kishwar Bibi akasema, "Msiondoke mikono mitupu," na kila mmoja akapewa boksi la halua. Hilo hakuna aliyethubutu kulikataa.

Kwa niaba ya kituo hiki na wasikilizaji wote, kuanzia Multan mpaka Bahawalpur, mpaka Dera Ghazi Khan na mpaka Khanewal, nawapa pole Kishwar Bibi, Mubashir na ukoo mzima. Mwenyezi Mungu amrehemu Tasadduq Husain, ampe makao mema, na awape nyinyi subira. Duka litafunguliwa Jumatatu. Mubashir ameniomba niwaambie kwamba ile rangi nyekundu haifutwi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkiwa njiani kwenda msikitini, au mkiwa jikoni mnawasubiri wanaorudi, mfikirieni mtu mmoja tu mliyewahi kumhukumu kwamba anachelewa. Mfanyakazi, jirani, mtoto wako mwenyewe. Ulipopiga hesabu yako, ulikumbuka alikuwa wapi?

Kiti cha mkono wangu wa kulia hakina mtu. Nimekiwekea sinia. Ningependa kuendelea kumzungumzia mpaka jioni, lakini yeye mwenyewe asingekubali. Leo ni Ijumaa, wasikilizaji wapendwa. Kipindi chetu ni kifupi.